Mwangwi Hauna Taa

"Hivi wifi yako hajui wimbo hata mmoja?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu, mshonaji, asubuhi moja tukianika nguo, kila mmoja upande wake wa ukuta. Sikumwelewa. Akanyoosha kidole kwenye kile chumba cha uani kwetu ambacho dirisha lake limezibwa kwa blanketi.

"Tangu nimeamka anapiga nota ileile. Pii. Kimya. Pii. Kimya. Halafu ghafla anaangusha mikono yote miwili, utadhani kabati limepinduka. Halafu anarudi kwenye pii. Ndiye mtu wa muziki huyo?"

Nilicheka mpaka kibanio kikanitoka mdomoni. Nikamwambia ndiye, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Akaguna, akaendelea kukung'uta shuka lake, na niliona wazi kwamba hakuniamini. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe niliyekaa naye nyumba moja nilichelewa kumwelewa.

Wifi yangu ni mdogo wa mume wangu, kitinda mimba wa kwao. Watu wanamwita Fundi Taratibu. Jina hilo alilipata kwenye kumbi za mikutano na harusi, alikokuwa akifunga maiki na spika. Mtu akishika maiki na kuanza kuifokea, yeye alikuwa akimjia kwa nyuma na kumnong'oneza, "Taratibu, mzee, taratibu, inakusikia." Hata wakubwa wenye matumbo yao walikuwa wanatulia. Ufundi ameurithi kwa baba yake, mkwe wangu, Mungu amlaze mahali pema. Mzee yule alikuwa akitengeneza redio barazani, na kabla hajafungua skrubu yoyote alikuwa anailazia redio sikio kama anasikiliza moyo wa mgonjwa. Binti yake alikuwa analaza la kwake upande wa pili. Wakishainuka wanatazamana, halafu mmoja anasema ugonjwa ni nini.

Alipochoka kubeba maspika alifungua chumba cha kurekodia hapa nyumbani. Kuta amezivalisha magodoro ya zamani na trei za mayai. Mlangoni ametundika mapazia mawili mazito. Akirekodi anazima feni, kwa sababu feni inasikika, basi hutoka humo amelowa kama aliyevuka mto. Mvua ikinyesha anafunga kazi, kwa sababu bati linasikika. Sisi wa jikoni tumeshajua kwamba sufuria zina saa zake za kuoshwa.

Kisha akaugua. Ilikuwa homa kali, ikamwingia sikioni. Sikio la kulia likavuma kama lina nyuki ndani, halafu likanyamaza kabisa. Daktari alimpima, akamwambia kwa upole kwamba hilo lisingerudi, amshukuru Mungu kwa lililobaki.

Mume wangu alimwita sebuleni. Anampenda sana mdogo wake, na mwenye mapenzi naye hukosea.

"Dada, hizo mashine zipumzishe sasa. Fuga kuku. Kuku hawahitaji masikio mawili."

"Kaka, kuku nitawachinja kwa hasira."

"Sasa utafanyaje?"

Wifi akasema jambo ambalo nililiweka moyoni. "Kwaya wameniomba niwarekodie kinanda cha kuimbia. Nitaanza na wimbo mmoja. Ukitoka sawa, naendelea. Ukiharibika, nafunga chumba mwenyewe kwa mkono wangu, wala hamtanisikia nikilalamika."

Nikajua kwamba wimbo ule mmoja ndio ungeamua kama angebaki fundi au la.

Kwaya yetu ya kanisani ilikuwa na kinanda cha umeme cha zamani sana. Kilikuwa na sauti yake, ya filimbi iliyochanganyika na shaba, na nyimbo zote alizotunga mwalimu wa kwaya alizitungia pale. Basi paa likavuja, panya nao wakala nyaya, kikafa. Kwaya ikajaribu vinanda vingine, watu wakaimba kama wamevaa viatu vya kuazima.

Wifi ndiye aliyekuja na jambo jipya. Kumbe wapo watu wa kompyuta waliokaa chini wakaigiza tumbo zima la kinanda kile, yaani si kurekodi sauti yake tu, bali kuigiza jinsi kilivyokuwa kikiitengeneza. Unafungua kompyuta, unakiona kinanda kimechorwa pale pamoja na vitufe vyake vyote. Unachomeka kibodi yenye funguo kama za kinanda, unapiga, na sauti inayotoka ni ileile ya zamani. Ile sauti anaipitisha kwenye waya mpaka kwenye mashine yake ya kurekodia.

Mwalimu wa kwaya alikuja kukiona. Ni mzee mrefu, mkali kwa nota, mpole kwa mengine yote. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Fundi, hii ni picha ya kinanda."

"Ni picha, mwalimu."

"Kinanda changu kimekufa."

"Kimekufa. Lakini picha ya marehemu huwa haiitiki ukimwita. Hii hebu iite."

Mzee akabonyeza ufunguo mmoja. Akabonyeza mwingine. Kisha akakaa bila kukaribishwa, akaweka kofia sakafuni, tukajua amekubali.

Hapo ndipo nilipoelewa ile pii ya jirani. Kabla ya kurekodi chochote, fundi lazima aamue sauti iingie mashineni kwa nguvu kiasi gani. Wao wanaita geini. Ukiibana sana, sauti inaingia kinyonge, na baadaye ukitaka kuikuza unakuza na ule mvumo wa waya, shhh, kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili. Ukiiachia sana, sauti inagonga dari ya mashine na kupasuka, inakwaruza, na iliyopasuka hairudi. Watu wengi hupima kwa nota moja, wanaona taa ya kijani, wanaridhika.

"Kidole kimoja ni mgeni mmoja mlangoni," wifi aliniambia. "Anapita bila shida. Sasa subiri mwalimu ashushe vidole vyote kwenye kibwagizo. Hiyo ni harusi nzima inaingia kwa mlango uleule."

Ndiyo maana alikuwa anapiga nota moja, kisha anaangusha mikono yote. Anapima mgeni mmoja, anapima harusi. Taa nyekundu ikiwaka anapunguza, anaanza upya. Na mwalimu alipokaa tayari kupiga, wifi akamwambia, "Anza na mwisho."

"Mwisho upi?"

"Pale kwenye Amina, unapofumba macho na kusahau kama kuna watu. Nipigie hapo kwanza."

Mzee aliona haya, lakini akapiga, na kweli alifumba macho. Taa ikaruka nyekundu mara moja. Wifi akarudisha geini nyuma kidogo, akasema sasa turudi mwanzo wa wimbo. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na bakuli langu la maharage ninayachambua, nikasema moyoni, huyu hatafuga kuku.

Lakini geini ina taa. Ukikosea, taa inakwambia hata kama ni kiziwi. Mwangwi hauna taa. Mwangwi ni ule mkia wa sauti unaobaki hewani baada ya kidole kuinuka, kama ukiita kwenye nyumba tupu. Ukikosekana kabisa, kinanda kinasikika kikavu, kama kijiti kinagongwa mezani. Ukizidi, nota inatembea juu ya mkia wa mwenzake na kila kitu kinakuwa uji. Na kuupima mwangwi ni kazi ya masikio mawili. Sikio moja linasikia sauti, ila halijui ukuta uko mbali kiasi gani.

Siku ile wanakwaya kadhaa walikuwa wamejazana uani, na kila aliyechungulia alisema neno lilelile: "Ongeza mwangwi, fundi! Kinanda chetu hakikuwa hivyo, kilikuwa kinajaa!" Wifi aliongeza. "Bado!" Akaongeza. Hakuwaambia habari ya sikio lake, na wao walidhani anakubaliana nao.

Kosa lilikuwa hapo, na lilikuwa la wote. Watu wale hawajawahi kukisikia kinanda chao mahali pengine popote isipokuwa kanisani, penye kuta tupu na paa la juu. Ule mwangwi waliokuwa wanaukumbuka haukuwa wa kinanda, ulikuwa wa jengo. Tena kinanda kile cha kuigiza kilikuja na mwangwi wake mdogo ndani, ambao wifi aliuacha. Akaweka juu yake mwangwi wa mashine yake. Kisha Jumamosi, mbele ya kwaya nzima, wakaupiga wimbo ule kwenye spika za kanisani, na kanisa nalo likatia wa kwake.

Ndugu msomaji, ulikuwa uji wa mtama uliomwagika. Nota ya kwanza ilikuwa haijaondoka wakati ya saba inaingia. Wanakwaya walijaribu kuimba juu yake wakapotea, upande mmoja ukatangulia, upande mwingine ukabaki nyuma.

Mwenyekiti wa kwaya, mama wa sauti ya pili, hana baya moyoni ila mdomo wake hauna breki. "Mwalimu," akasema, "hapa ulikuwa unapiga kinanda au ulikuwa unaoga?"

Watu wakaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Fundi Taratibu ameturekodia kisimani!" Mwalimu hakucheka. Alikuwa amesimama upande wa kulia wa wifi, akamwambia taratibu, "Fundi, pengine tutafute mtu mwingine, usichukie." Wifi hakujibu. Mzee akadhani amekasirika. Hakujua kwamba amezungumza na sikio lisilokuwepo.

Nikamshika wifi mkono nikamrudia yale maneno upande wa kushoto. Niliona uso wake ukibadilika. Nikategemea atalia, au atatupa waya. Hakufanya hivyo. Alimgeukia yule mzee, mzima mzima, kama mtu anayegeuza kiti.

"Mwalimu, nisamehe, sikukusikia. Sikio la huku limekufa. Ningewaambia mapema, niliogopa. Geini niliipima sawasawa. Mwangwi niliupima kwa kuwaamini ninyi, nanyi mkaniambia mnachokikumbuka badala ya mnachokisikia. Nipe mara moja tena. Nikishindwa, nitakusaidia mimi mwenyewe kumtafuta huyo mwingine."

Mwenyekiti akaanza kufunga na kufungua mkoba wake. Mwalimu akasema, "Mimi nota sizioni tena, fundi. Napiga kwa mazoea tu. Wewe huna sikio, mimi sina macho. Tukiunganishwa anapatikana mtu mmoja mzima. Jumatatu nakuja."

Njiani kurudi nyumbani wifi alitembea mbele yangu, kichwa chini. Nilidhani ni huzuni. Kumbe alikuwa anawaza, maana tulipofika tu alinivuta chumbani, akanikalisha mbele ya spika mbili, akasema, "Wifi, mikono yako safi?"

"Ya nini tena?"

"Nitapiga ule wimbo kwa mwangwi uleule. Kila kidole changu kinaposhuka, wewe piga kofi. Usiangalie mikono yangu, geukia ukutani."

Nikageukia trei za mayai. Akapiga, nami nikapiga makofi, kofi kwa kila nota, najisikia hodari kweli. Ghafla akaacha.

"Hapo umepiga kofi la nini?"

"Si umeshusha kidole?"

"Sijashusha. Nimeruka nota makusudi. Umepigia makofi kumbukumbu yako, wifi. Wimbo unaujua toka zamani, kwa hiyo masikio yako yamelala, moyo ndio unapiga."

"Mh! Sasa mimi nimekuwa mwongo nyumbani kwangu?"

"Si mwongo. Mwanakwaya."

Tulicheka mpaka mume wangu akagonga mlango kuuliza kama kuna wageni. Lakini hapo ndipo dada wa watu alipokuwa amepata kipimo chake. Kama mwangwi ungekuwa wa kiasi, ningelisikia lile pengo la nota iliyorukwa. Kwa kuwa ulizidi, mkia wa nota iliyopita ulilifunika, nami nikadhani imepigwa. Basi akauzima kwanza ule mwangwi wa ndani ya kinanda cha kuigiza. Akaupunguza na wa mashine. Akapiga tena, akiruka nota hapa na pale, kila mara mahali papya ili nisizoee. Nilipokosea alipunguza. Nilipoacha kukosea aliongeza tena kidogo kidogo, mpaka nikakosea, halafu akarudi nyuma hatua moja. "Hapa," akasema. "Hapa kinanda kina nyumba ya kukaa, na kila mtoto wa nyumba anaonekana."

Mimi nimesoma shule ya msingi tu, na mashine zile siwezi hata kuziwasha. Lakini nimewaona watu wengi wakipoteza kitu, na wengi wetu tunapopoteza tunaficha, au tunaita kila mtu atuonee huruma. Huyu alichukua makofi ya wifi yake akayafanya taa ya mwangwi. Namshukuru Mungu aliyenionyesha jambo lile kwa macho yangu.

Jumatatu mwalimu akaja, akaanza na mwisho, geini ikakaa. Lakini alipoanza wimbo wenyewe, mikono ikawa mizito.

"Siwezi, fundi. Kikavu hivi? Najisikia napiga meza ya jikoni."

Wifi akamvalisha hedifoni, akageuza kitufe kimoja. Uso wa mzee ukafunguka kama dirisha.

"Ee! Hapo! Hapo ndipo kanisani!"

"Huo mwangwi ni wa masikio yako peke yako, mwalimu. Mashineni hauingii. Mashineni naingiza kavu, halafu mwangwi nitauweka baadaye kwa kipimo. Nakwambia ili usije ukasema nimekudanganya."

"Kwa hiyo mimi nala sahani ya peke yangu?"

"Wewe ndiye mpigaji. Mpigaji lazima ashibe kwanza."

Akapiga. Sijawahi kumsikia akipiga vile tangu kinanda cha zamani kife. Feni ilikuwa imezimwa, jasho linamdondoka puani, wifi naye amekaa ameinamisha kichwa upande wa kushoto, jicho kwenye taa. Kwenye Amina mzee alifumba macho akashusha vidole vyote, na taa ikapanda, ikapanda, ikasimama chini kidogo ya nyekundu. Harusi nzima ilipita mlangoni bila kuvunja mlango.

Baadaye tulifanya yale makofi tena kwa mkanda uliorekodiwa. Aliniandalia kipande alichokata nota chache ndani yake, bila kuniambia zipi. Nilisikiliza kwenye spika zake, nikasikiliza kwenye redio yangu ya jikoni, maana alisema watu wengi watausikia wimbo jikoni, si kanisani. Kisha tukaenda kanisani mchana palipokuwa patupu, nikasimama nyuma kabisa karibu na mlango, nikapiga makofi peke yangu kama kichaa. Mfagiaji aliacha fagio akanitazama. Wifi alikuwa mbele, anaangalia mikono yangu. Pale kanisani alipunguza mara moja zaidi. Kisha akaandaa nakala mbili, moja ya kanisani, yenye mwangwi mdogo sana kwa kuwa jengo litajazia, na moja ya nyumbani. Nikamuuliza kwa nini hakufanya hivyo mara ya kwanza. Akasema, "Mara ya kwanza nilikuwa na haraka ya kuthibitisha kwamba mimi ni mzima."

Jumamosi iliyofuata kwaya ilikusanyika. Wifi alichomeka waya, akauchomoa, akauchomeka tena, na mume wangu, ambaye si mtu wa kwaya, alikuja akasimama mlangoni akijifanya anasubiri mtu. Wimbo ukaanza. Kila nota ilikuja, ikakaa, ikampisha mwenzake. Kisha sauti ya kwanza wakaingia bila kuambiwa, ya pili wakafuata, na hakuna upande uliopotea. Kwenye Amina kanisa lilijaa, lakini maneno yalisikika yote.

Mwenyekiti alimaliza kuimba, akajipangusa macho kwa kitenge. "Mwalimu," akasema, "leo umetoka bafuni."

Watu wakacheka, na wifi akacheka kuliko wote. Mwalimu alimzunguka, akaja upande wa kushoto, akainama. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Nyimbo zilizobaki, fundi, tunaanza lini?"

"Mvua ikiacha," akajibu.

Mume wangu hakusema habari ya kuku tena. Alibeba spika mpaka nyumbani, mabegani, hakutaka mtu amsaidie.

Siku hizi jirani mshonaji akisikia pii, kimya, pii, hasemi kitu. Amezoea. Mimi sikumaliza kumwelezea, lakini wimbo ameusikia jikoni kwangu, na ameniomba nakala. Sikio la wifi yangu halijarudi na daktari hajabadilisha neno. Geini anaipima mwenyewe. Mwangwi ni lazima amtafute mtu, na kwa mtu aliyezoea kulaza sikio mwenyewe kwenye redio, kuomba hivyo si jambo dogo. Jioni ya Jumamosi ile wimbo ulipotoka sawa, tulipokuwa tunaosha vyombo, alisimama akaufunga mfereji ili asikie vizuri, akaniambia:

"Wifi, naomba uwe unakuja kunisikilizia. Si kila siku, zile siku za mwangwi tu. Na usije ukaniambia ni nzuri. Niambie ulichosikia."